Msumari wa Taa

14 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Goti lako je, limeacha kutabiri mvua? Mimi mzima. Wiki nzima nimeshinda ndani ya shimo la lifti la jengo moja la ofisi, nabadilisha kamba za chuma, na humo ndani angalau upepo wa baridi haufiki.

Ningepiga simu, lakini wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba simu ni ya habari za msiba na bei ya nauli, mengine yaandikwe. Tena Mama hakai mbali na simu yako, na hili sitaki alisikie bado.

Ni kuhusu meza yetu ya Jumapili. Nilipoifungua kwenye ile tovuti ya poka, baada ya Baba kuzikwa bila mimi, nilikuwa na shabaha moja tu: Mama acheke. Na anacheka. Jumapili iliyopita alipomzuga Kinyozi kwa karata mbovu kabisa, nilimsikia akimwambia, "Wewe unanyoa mtaa mzima, leo nani kakunyoa?" Kinyozi akajibu, "Mama, umeng'ang'ania fungu kama gundi ya useremala ya marehemu mumeo." Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa sikiliza. Siku ile tovuti iliponiuliza kama mwenye meza anachukua chochote kwenye kila fungu, yaani dau lote la mezani, sikufikiri. Niliandika: kete moja. Akili yangu ilikuwa kwenye msumari wa taa wa Baba, ule mmoja aliotoa kwenye kila fungu kule karakana ili anunulie taa mafuta. Kwangu mimi poka haichezwi bila msumari wa taa, kama lifti isivyopanda bila uzito wa upande wa pili. Kete hizo hugeuka hela kwenye akaunti yangu, na mwisho wa mwezi namtumia Mama, naandika "ya taa". Analipia umeme. Ni hela ya sabuni, lakini unajua anavyoipokea.

Ijumaa nilikuwa nakula mchana na fundi mwenzangu, yule mzee anayevaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Nikamhadithia mchezo wetu. Akaacha kutafuna.

"Binti, tovuti hiyo haina leseni ya hapa. Ukivuka daraja, kule ni jimbo lingine, ruksa. Upande huu ni kosa."

"Na katikati ya daraja?"

"Muulize samaki."

Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia. Mjomba, mahojiano yangu ya uraia ni mwezi wa tano. Bila uraia sina pasipoti, na nikitoka bila pasipoti sirudi tena. Ndiyo maana sikumzika Baba. Na hawa watu humkagua mtu hadi chini ya kucha. Wewe umeandika habari za mahakama maisha yako yote. Je, tunavunja sheria? Ipi, na ya nani?

Usimwambie Mama.

Mpwa wako

*

2 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti bado linatabiri mvua na mvua bado hainyeshi, kwa hiyo mmoja wao ni mwongo. Mama yako hajambo, ila macho yanazidi kumsumbua. Karata za kwenye simu hazioni vizuri, basi siku hizi Kinyozi hukaa karibu yake na kumsomea. Fikiria: anacheza dhidi yake, karata zake anazijua zote, na bado anashindwa.

Nimelifuatilia swali lako kama nilivyokuwa nikifuatilia habari za gazeti, yaani kwa miguu. Nilichopata ni hiki.

Hapa nyumbani sheria ya kamari ni ya zamani kuliko mimi. Inakataza "nyumba ya kamari", na nyumba hiyo imeelezwa kuwa jengo, chumba, banda au hema. Nilimuuliza wakili mmoja kijana kama simu ni banda. Akasema inategemea hakimu ameamkaje siku hiyo. Hajashtakiwa mtu kwa kucheza poka kwenye simu, na hilo halina maana kwamba ni halali. Maana yake ni kwamba hajatokea polisi mwenye nafasi.

Tovuti yenyewe imepewa leseni na kisiwa kidogo ambacho mimi na wewe hatutakiona. Kisiwa kinaruhusu kampuni zake zichezeshe watu wa dunia nzima, isipokuwa wenyeji wa kisiwa. Wao wamekatazwa. Mpishi anayewakataza wanawe kula chakula chake, mimi humwangalia mara mbili.

Kuhusu huko uliko sijui, na sitajifanya najua. Tafuta wakili. Lakini ukifika kwake usimuulize tu kama kucheza ni kosa. Muulize nani anachukua kwenye fungu. Nakwambia kwa sababu ya kesi moja niliyoiandika nikiwa bado na nywele. Muuza chai nyuma ya soko. Wateja wake walicheza karata kwa sarafu, yeye hakuwahi kushika hata karata moja. Kila mchezo alichukua sarafu moja, akaiita ya kuni. Hakimu aliwapa wachezaji onyo, wakaenda zao wanacheka. Muuza chai alifungiwa mkahawa. "Wengine wote walikuwa wanabahatisha," hakimu alisema. "Wewe peke yako ulikuwa na uhakika."

Jioni ya hukumu ile nilikuja moja kwa moja kwenye karakana ya baba yako. Ulikuwa mdogo, umekaa juu ya rundo la maranda unapanga misumari kwa urefu. Nilimsimulia. Tulikuwa tunanunua misumari kwake kwa senti kabla ya mchezo, naye anainunua tena mchezo ukiisha, isipokuwa ile ya taa, ambayo senti zake zilinunua mafuta na yenyewe ikabaki kwenye kopo. Nikamwambia, "Shemeji, wewe ndiye muuza chai. Umekaa na mwandishi wa mahakama mezani na unaendesha nyumba ya kamari." Akapuliza maranda kwenye randa, hana haraka. "Taa haichezi," akasema, "lakini bila taa nani anacheza?" Akachukua msumari, akautupa kwenye kopo. Mlio ule bado ninao.

Mama yako hajui kitu. Lakini usinipe kazi hiyo kwa muda mrefu. Mimi ni mdogo wake, amenilea, na uso wangu huusoma bila kusaidiwa na Kinyozi.

Mjomba wako

*

25 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini mvua na goti wamepatana. Huku theluji imeanza kuyeyuka, na mashimo ya lifti yamejaa maji. Nimekuwa fundi bomba kwa lazima.

Nilikwenda kwa wakili. Ni mama mmoja mnene, mpole, ofisi yake iko juu ya duka la viatu na inanuka ngozi mpya. Aliandika huku nikieleza.

"Wanaocheza ni nani?"

"Mama yangu, mjomba wangu na kinyozi."

"Kinyozi wa nani?"

"Wa mtaa mzima."

Akaandika hivyohivyo.

Akaniambia kuhusu wachezaji. Upande huu wa daraja, kucheza kwenye tovuti isiyo na leseni ya hapa ni kosa, ila wanaiandama kampuni, mchezaji wanamwacha. Upande wa pili, mchezaji hana kosa lolote. Kuna nchi ya jirani poka ni mchezo wa akili kisheria, nyingine ni mchezo wa bahati, nyingine inaruhusu ukicheza na marafiki lakini si na wageni. Alikuwa anafurahia kabisa, kama mtu anayehadithia safari zake. Ndipo nikauliza swali lako. Nani anachukua kwenye fungu?

Akaweka kalamu chini. "Nani anachukua?"

"Mimi. Kete moja. Ni ya taa."

"Taa gani?"

Mjomba, nilimweleza. Karakana, kopo, chemli, Baba. Alisikiliza yote bila kunikatiza, kisha akasema kitu ambacho nimekirudia kichwani tangu siku ile: "Sheria za nchi hizi zote zinagombana kuhusu mchezaji. Kuhusu taa yako zinakubaliana." Upande huu, upande ule, kisiwani, nyumbani kwetu: anayechukua kwenye fungu ndiye mwenye nyumba ya kamari, na anahitaji leseni. Jina kwenye meza ile ni langu. Akaunti ni yangu. Mama, wewe na Kinyozi ni wachezaji tu. Mimi ndiye muuza chai.

"Funga hiyo sehemu leo," akasema. "Na kwenye mahojiano usiseme usichoulizwa."

Nimeifunga. Sasa kila Jumapili nitavuka daraja na simu yangu. Kuna dobi la mashine za sarafu mara tu ukishuka upande wa pili, lina viti na joto la bure. Nitakaa hapo kama mtu anayesubiri nguo, nicheze kihalali. Hela ya umeme nitamtumia Mama kwenye mshahara, niandike "ya taa" vilevile. Hatajua tofauti.

Mpwa wako

*

19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia kwa haraka kutoka dobini, nguo za watu zikizunguka mbele yangu. Hii ni Jumapili ya nne, kama ulivyoona, Mama hakai mezani. Ya kwanza alicheza fungu moja akaondoka. Nikipiga simu anasema macho. Macho hayakumzuia miaka yote hii, yana nini mwezi huu? Kinyozi naye amekuwa bubu ghafla, yeye ambaye husimulia hata ndoto za wateja wake. Tafadhali pita uone. Ni mgonjwa?

Mpwa wako

*

30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako si mgonjwa. Amekasirika, na kwa umri wake hasira ni dalili ya afya.

Nilimkuta kwenye karakana. Hakuna aliyefanya kazi kwenye meza ile ya useremala tangu baba yako afariki, lakini yeye huifuta kila Jumatatu, na jiriwa, ile ya kubania, anaitia mafuta utadhani kesho kuna mbao. Kinyozi alikuwa kwenye kigoda, ameshika simu, anaitazama sakafu. Sijakaa vizuri, akaniuliza:

"Nani kazima taa?"

Nikajifanya naangalia balbu.

"Usiangalie juu, mdogo wangu. Nakuuliza nani kazima taa ya mume wangu."

Tulikuwa tumesahau jambo moja, mimi na wewe. Karata hazioni, lakini tovuti ile kila fungu likiisha hulia mara mbili: mlio wa kete zikienda kwa mshindi, na mlio mdogo baada yake, wa kete yako ya taa. Mama yako alikuwa anasubiri ule wa pili. Siku ulipofunga sehemu ile alishinda fungu la kwanza, akasikia mlio mmoja, akasubiri. Akamwambia Kinyozi, "Bado." Kinyozi akasema, "Bado nini, mama? Umeshinda." Akaondoka mezani.

Halafu mwisho wa mwezi hela ikaja imeandikwa "ya taa". "Hela gani ya taa," akaniuliza, "wakati taa haikuchukua kitu? Mwanangu ananidanganya mimi, au kuna aliyemfundisha?"

Hapo alinitazama, na nikamwambia yote. Tovuti, kisiwa, daraja, muuza chai, mahojiano. Ukinilaumu, nilaumu, ilikuwa niseme au nihame mji. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Yaani mtoto anavuka daraja, anakaa kwenye nguo za watu, ili nicheke?"

"Ndiyo."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Akainuka, akashusha lile kopo kutoka rafuni. Unalikumbuka, la rangi ya mafuta, halina mfuniko. Akalitikisa. Imebaki misumari miwili mitatu tu humo, kwa sababu mingine yote baba yako aliigonga: mlango wa jikoni, kitanda chako, rafu yenyewe. Sidhani kama kuna msumari kwenye nyumba ile ambao haukupita kwanza mezani kwetu.

Ujumbe wake ni huu, nimeuandika kama alivyousema na nikamsomea akaukubali: "Mwambie afunge meza yote, si taa peke yake. Meza isiyo na taa si yetu. Na wakimuuliza, aseme. Baba yake hakuwahi kuficha kopo. Lilikuwa juu ya meza, hata askari wa zamu alikuwa anakuja kuazima nyundo na analiona."

Nikamwambia dada, ukweli huo unaweza kumnyima pasipoti. Akasema, "Akipata pasipoti kwa uongo atakuja kuniona na macho ya nani?"

Kinyozi anakusalimu. Anasema hakukwambia kwa sababu aliogopa kunyolewa.

Mjomba wako

*

21 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, na umpe Mama shikamoo yake pekee, usiichanganye na yako. Wote wazima huko? Mimi mzima wa mwili.

Meza nimeifunga. Tovuti iliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha ikanitakia bahati njema.

Mahojiano yalikuwa Alhamisi. Chumba kidogo, dirisha linatazama ukuta, na lifti ya jengo hilo ina breki mbovu. Niliisikia nikiwa napanda, nikapata kitu cha kufikiria badala ya kuogopa. Afisa ni kijana, tai yake imepinda. Aliniuliza historia ya nchi, nikajibu. Akaniuliza kodi, nikaonyesha. Nikaanza kudhani yameisha. Halafu akageuza ukurasa, akasoma bila kuniangalia: "Je, umewahi kuendesha shughuli yoyote ya kipato hapa nchini bila leseni inayotakiwa?"

Wakili wangu alikuwa amekaa kando yangu. Nilisikia kiti chake kikilia.

"Ndiyo," nikasema.

Afisa akainua kichwa. Nadhani kalamu yake ilikuwa imeshaandika hapana.

Nikamweleza. Aliuliza kama Mama alikuwa mteja. Nikasema ni mama. Aliuliza mapato yalikwenda wapi. Nikasema kwenye taa. Aliuliza taa ya biashara? Nikasema ya jikoni na ya karakana, na kwamba karakana haina mtu. Akaandika muda mrefu. Kisha akauliza, na sidhani kama hili lilikuwa kwenye karatasi zake, "Kwa nini hamkuchezea bure tu?"

Nilimwambia Baba alikuwa anasema mtu asiyeweka kitu mezani hasikilizi. Akalifunga faili, akatoka nalo, akarudi bila faili. "Utajulishwa," akasema. Hakutaja mwezi wala mwaka.

Kwenye ngazi wakili aliniambia, "Nilikwambia usiseme usichoulizwa." Nikamwambia, "Nimeulizwa." Akatembea kidogo, akacheka. "Kweli. Umeulizwa."

Jumapili nilijikuta nimevuka daraja bila sababu. Nikakaa dobini. Mashine zinazunguka, sina nguo, sina karata. Nilijaribu kukumbuka harufu ya karakana na nikaipata nusu tu: vanishi ndiyo, maranda hapana.

Mpwa wako

*

9 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako alikuwa na mafua, akayafukuza kwa matusi. Barua yako nilimsomea mara mbili. Pale kwenye "nimeulizwa" alinirudisha nyuma nikasome tena, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kwenye bahasha hii utakuta bahasha ndogo. Usiifungue kabla hujamaliza kusoma. Kama umeshaifungua, wewe ni mtoto wa baba yako.

Jumapili iliyopita Mama yako alituita kwenye karakana, mimi na Kinyozi. Juu ya meza alikuwa ameweka zile karata za zamani. Unazikumbuka, zinanata kwa vanishi, na ile saba ya uru ina doa mgongoni ambalo kila mtu analijua na kila mtu anajifanya halijui. Karata hizo anaziona vizuri, kwa sababu anazijua kwa vidole. Kinyozi akauliza, "Tunacheza watatu?" Mama akasema, "Wanne," akagawa mafungu manne. Karata tano kila mtu, mchezo ule wa zamani: unatupa usizozitaka, unapewa nyingine mara moja, basi. Fungu lako hakuligusa mtu. Amelitia kwenye bahasha yeye mwenyewe, amelamba gundi yeye mwenyewe, akimtazama Kinyozi wakati wote.

Kwa hiyo hizo ndizo karata zako. Tuandikie unatupa ngapi na unaweka misumari mingapi. Nimewauliza mawakili wawili kama kuna nchi inayokataza poka kwa barua, misumari ikiwa ndiyo hela na taa ikiwa ndiyo mwenye nyumba. Mmoja alisema atatafuta. Mwingine aliniuliza kama nimestaafu siku nyingi.

Msumari ulioko humo si wa kuchezea. Ni mmoja wa ile iliyobaki kwenye kopo. Karani wa posta aliupapasa kwenye bahasha akauliza ni nini. Nikasema msumari. Akauliza wa nini. Nikasema wa taa. Akagonga muhuri, labda kwa kuogopa maelezo. Kama umetoboa karatasi njiani, usinilaumu.

Neno moja kuhusu Kinyozi. Amekagua migongo ya karata zetu zote, na za rundo lililobaki, na hajaiona ile saba yenye doa. Sasa anatembea mtaani akisema karata moja yako anaijua.

Mjomba wako

*

24 Septemba

Mpwa wangu,

Hujambo? Huku wazima, mvua imekuja hatimaye na goti linajisifu.

Hatujapata jibu lako. Kwenye simu unasema uko salama, kazi nyingi, na ukiulizwa karata unabadilisha mazungumzo. Kinyozi anadai umekimbia mchezo. Mama yako anasema anayekimbia hutupa karata kwanza, na wewe hujazitupa. Mafungu yetu matatu bado yako juu ya meza, yamefunikwa kwa kibao. Jana mtu alileta kiti kilichovunjika mguu akiomba kukiweka hapo, akafukuzwa na kiti chake.

Sikuulizi kuhusu uraia. Nakuuliza unatupa ngapi.

Mjomba wako

*

16 Novemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wote watatu na afya, na Kinyozi na karata zake.

Nisamehe kimya. Sikutaka kujibu nusu. Mwezi wa nane niliitwa, nikatozwa faini kwa kuendesha meza bila leseni, nikasaini onyo. Faili likaendelea kukaa. Kila asubuhi bahasha yako ndogo ilikuwa mezani kwangu, na kila asubuhi nilifikiri: nikijibu kwa posta leo, ndivyo tutakavyocheza mpaka tuzeeke.

Niliapa Jumatatu, katika ukumbi wenye watu wengi na kipaza sauti kibovu. Yule afisa wa tai iliyopinda alikuwa mlangoni anagawa vyeti. Aliponipa changu akasema, "Salamu kwa taa." Pasipoti imetoka jana. Mwajiri amenipa mwezi mzima kuanzia tarehe ishirini na nane, ili mradi nimalize lifti ya hospitali kwanza, na naimaliza.

Msumari ulifika. Ulikuwa umetoboa bahasha, nikaukuta umening'inia kwa kichwa. Nimeuliza shirika la ndege: msumari mmoja hauruhusiwi kwenye mkoba wa mkononi, unaruhusiwa kwenye sanduku. Basi utasafiri kwenye sanduku, ndani ya soksi.

Sasa karata. Naweka misumari mitatu, nikopeshwe mpaka nifike. Natupa mbili. Kinyozi afikiri anavyotaka kuhusu tatu ninazobaki nazo, na kama saba ya uru imo kwenye zilizobaki au kwenye zilizotupwa, hilo atalijua pamoja na wenzake.

Lakini msinitumie mbili mpya za badala yake. Mwambie Mama aziweke upande wangu wa meza, zimefunikwa, karibu na kopo. Nakuja kuziokota mwenyewe.

Mpwa wako